Waya Upitao Barabarani na Nyumba Iliyo Kilimani

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii yamhusu kila binadamu, lakini ni vigumu kupata watu waijuao kwa uchungu kama jamaa za askari na polisi. Mlinzi wa nchi, kwa hali ya kazi yake, ni mtu asiyekuwapo. Yuko zamu mpakani, yuko kambini, yuko barabarani. Na wakati huohuo nyumbani kwake ada ya shule yadaiwa, homa yabisha hodi, mpaka wa shamba wagombaniwa, na binti aposwa. Mambo hayo hayamngoji arudi. Huamuliwa ama pamoja naye, iwapo sauti yake yaweza kufika, ama bila yeye, iwapo haifiki. Ndiyo sababu suala la kufikisha simu na intaneti vijijini, ambalo maofisini huzungumzwa kwa lugha ya nyuzi, minara na fedha za wafadhili, kwa jamaa hizi ni suala la ndoa, la malezi na la uhai.

Nusu ya mazungumzo

Mutakura ni mtaa ulioko kaskazini mwa Bujumbura, jirani na Cibitoke na Ngagara. Jioni, umeme usipokatika, vijana huonekana wamekizunguka kioo kidogo cha simu wakitazama mpira unaochezwa Ulaya. Mwenye duka hupokea malipo bila kushika noti. Mwanafunzi aliyekosa kitabu hutafuta somo lake mtandaoni, na mama aliyekosa kwenda kilioni hutuma rambirambi pamoja na mchango wake kabla maji ya chai hayajachemka.

Hata hivyo, ni nyumba chache sana za Mutakura ambazo mizizi yake haiko kwingine. Mzee wa nyumba hii atoka Cankuzo, wa ile atoka Karuzi, jirani yao atoka Kayanza. Huko kilimani ndiko aliko bibi, ndiko liliko shamba la mihogo na maharagwe, na mara nyingi ndiko aliko mtoto mmoja au wawili waliopelekwa kumsaidia bibi kuchota maji na kusoma shule ya karibu. Kwa hiyo simu iliyoko Mutakura, hata iwe nzuri namna gani, ni nusu tu ya mazungumzo. Nusu nyingine iko kilimani, nayo mara nyingi ni kimya.

Mke mmoja wa polisi, mkazi wa mtaa huo, ameijua nusu hiyo ya kimya. Mumewe yuko kazini mashariki mwa nchi, katika kituo ambacho simu haishiki mpaka mtu apande ukingo wa kilima. Mkwewe yuko katika kilima kingine, upande wa Ruyigi, pamoja na mjukuu wake wa kiume mwenye umri wa miaka sita. Mama huyo na mumewe walikuwa wameafikiana kuzungumza kila Jumapili alasiri, na kwa muda mrefu mpango huo uliwatosha. Mshahara ulipoingia, mume alipanda ukingoni, akatuma fedha za nyumba, akauliza habari za watoto, akashuka. Siku za katikati ya wiki zilikuwa za Mungu.

Usiku mmoja wa msimu wa mvua, yapata saa mbili, yule mtoto wa kilimani alishikwa na homa kali ya malaria akaanza kutukutika. Bibi na majirani walimbeba hadi kituo cha afya. Muuguzi alimpa huduma ya kwanza, kisha akasema kwamba yapasa apelekwe hospitali, na kwamba gari litahitaji fedha. Bibi hakuwa nazo. Mkwewe wa Mutakura alikuwa nazo, zimo ndani ya simu iliyolala chini ya mto wake, lakini hakukuwa na njia ya kumwambia. Mvua ilinyesha usiku kucha. Alfajiri kijana mmoja alitumwa kwa miguu mpaka mahali mawimbi ya simu yanapopatikana, na ilikuwa saa nne asubuhi habari ilipofika Mutakura.

Fedha zilitoka Mutakura hadi kilimani kwa muda usiozidi dakika moja. Habari ilikuwa imechukua saa kumi na nne. Mtoto alifika hospitali na Mwenyezi Mungu akamjalia kupona, lakini tangu siku ile sikio lake moja halisikii vyema. Hakuna awezaye kuapa kwamba saa zile zingeliokoa sikio hilo, na mama mwenyewe haapi. Alilosema kwa mumewe Jumapili iliyofuata ni hili tu: "Baba watoto, siku zote tulidhani kwamba masikini ni asiye na fedha. Kumbe na asiye na wa kumwambia ni masikini vilevile."

Jambo lililomtatiza zaidi mama huyo ni ulinganisho na jirani yake. Mume wa jirani alikuwa miongoni mwa askari wa Burundi waliotumikia amani nchini Somalia, ambako kikosi cha kwanza cha Burundi kiliwasili mwezi Desemba 2007, na ambako nchi iliendelea kutoa askari hadi ujumbe wa ATMIS ulipomalizika mwaka 2024. Kutoka Mogadishu, ng'ambo ya mipaka kadhaa, askari yule aliweza kuonana na wanawe kwa picha, akawasikiliza wakisoma hesabu. Kutoka kilima cha Ruyigi, ndani ya nchi yao wenyewe, bibi hakuweza kupeleka hata neno moja. Umbali, basi, haupimwi kwa kilomita peke yake.

Safari ya mwanga

Yafaa msomaji aelewe jinsi mawasiliano haya yanavyosafiri, maana asiyeijua njia hawezi kujua ilipokatika. Kabla ya mwaka 2009 pwani ya Kenya na Tanzania haikuwa na mkongo wa intaneti chini ya bahari. Ujumbe ulipandishwa kwenye setilaiti zilizoko kilomita zipatazo 36,000 juu ya dunia, kisha ukateremshwa. Ilikuwa njia ndefu, ya polepole na ya gharama kubwa. Mwezi Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi. Mwaka huohuo ukaja mkongo wa TEAMS, uliovutwa kutoka Fujairah hadi Mombasa kwa juhudi za Serikali ya Kenya pamoja na makampuni, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy wenye urefu wa kilomita zipatazo 10,000. Mikongo hii ni nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, ambazo ndani yake maneno na picha hupita katika umbo la mwanga.

Burundi haina bahari. Mwanga huo hauna budi kupita nchi za majirani kwanza, kama vile sukari na mafuta ya taa yanavyopita. Kwa upande wa Tanzania, Mkongo wa Taifa ulifikishwa hadi mpakani Kabanga, katika wilaya ya Ngara. Ndani ya Burundi kazi ya kuupokea mwanga na kuusambaza ilikabidhiwa kampuni ya Burundi Backbone System, iliyoundwa kwa ushirikiano wa Serikali na makampuni ya mawasiliano. Benki ya Dunia ilikuwa imekubali mwaka 2007 kutoa dola milioni 20.1 kwa ajili ya Burundi, katika mpango wa kanda uliozihusu pia Kenya na Madagascar. Mkongo wa zaidi ya kilomita 1,000 ukalazwa ardhini, ukifuata barabara kuu na kuiunganisha miji ya mikoani na Bujumbura.

Hiyo ni kazi kubwa, na haifai kubezwa. Lakini mkongo ulazwao kando ya barabara ni kama bomba kuu la maji: haliondoi kiu ya mtu mpaka litolewe tawi na kuwekwa bomba la kuchotea. Kutoka kwenye mkongo, habari hupanda mnara, na kutoka mnarani huruka kwa mawimbi hadi simuni. Mawimbi hayo hayapendi vilima. Mnara uliojengwa upande huu wa mlima huacha kivuli upande wa pili, kama jua la asubuhi linavyoacha bonde gizani. Nchi yetu ina vilima vya makazi vinavyokaribia elfu tatu, na watu wake hawakusongamana vijijini. Kila nyumba imekaa katikati ya migomba yake. Mnara mmoja ambao Bujumbura ungehudumia maelfu ya watu, huko huwafikia wachache tu.

Mfanyabiashara na hesabu yake

Wako walaumuo makampuni ya simu kwa kutopanda vilimani. Lawama hiyo hairekebishi kitu. Mfanyabiashara hutazama daftari lake. Mnara wa kilimani hugharimu sawa na wa mjini, na pengine zaidi, kwa kuwa vyuma na saruji huchukuliwa mahali pasipo barabara nzuri. Umeme haupo: katika Burundi ni takriban mtu mmoja tu kati ya kumi aliye na umeme, na vilimani ni wachache zaidi. Hapana budi kuweka jenereta au mitambo ya nguvu za jua, na mafuta yakiadimika jenereta hunyamaza. Kisha, baada ya gharama hizo zote, wateja ni wakulima wanunuao inite za franga chache siku ya soko. Daftari lasema hapana.

Hapo ndipo Serikali inapopasa kuingia, na si jambo jipya duniani. Nchini Marekani, mwaka 1935, makampuni ya umeme yalipokuwa yakikataa kuwafikia wakulima, Serikali iliunda chombo cha kuwakopesha wananchi na vyama vyao vya ushirika wajivutie nyaya wenyewe. Mwaka 1949 mikopo hiyo ikaongezwa hadi kwenye simu. Chile ilianzisha mfuko wake mwaka 1994. Uganda ilianzisha mfuko wa mawasiliano ya vijijini mwaka 2003, ukigharimiwa na sehemu ndogo ya mapato ya makampuni yenyewe. Tanzania ilitunga sheria mwaka 2006 iliyounda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, na mwezi Mei 2023 ikatia saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713.

Utaratibu wa mifuko hii ni rahisi kuuelewa. Serikali hutaja mahali pasipo huduma, kisha huyauliza makampuni: ni nani atakayejenga hapa kwa ruzuku iliyo ndogo kuliko wote? Aombaye kidogo kabisa ndiye apewaye kazi. Hivyo fedha za umma hujazia lile pengo ambalo daftari la mfanyabiashara haliwezi kulivuka, wala hazitumiki kumlipia faida mahali ambapo angekwenda kwa hiari yake.

Burundi nayo imeshika njia hiyo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 50 kwa mradi ujulikanao kwa jina la PAFEN, ambao shabaha yake ni kufikisha intaneti ya kasi kwa watu wasiofikiwa na kuziweka huduma za Serikali katika mtandao. Swali linalobaki kwa raia ni moja: mafanikio ya fedha hizo yatapimwa kwa kipimo gani?

Kipimo cha haki

Ni rahisi kuhesabu kilomita za waya. Ni rahisi kuhesabu minara na kuipiga picha. Lakini kwa yule mama wa Mutakura kipimo ni kingine: je, habari ya usiku kutoka kilimani itachukua saa ngapi kufika? Kipimo hiki kikikubaliwa, mpangilio wa kazi hujipanga wenyewe.

Kwanza hufuata kituo cha afya. Muuguzi aliye peke yake, mwenye mgonjwa asiyemwelewa, ahitaji kumwuliza daktari wa hospitali usiku uleule, amwonyeshe picha ya kidonda, aite gari. Mahali pamoja pakiunganishwa, kilima kizima chapata wa kumwambia.

Pili ni shule. Mwalimu mmoja akiwa na mashine moja yenye intaneti huweza kulifikisha somo kwa watoto mia, ilhali simu mia zisizo na mwalimu huweza kufikisha upuuzi mwingi. Tatu ni ofisi za utawala, ili mzee asipoteze siku mbili na nauli kwa ajili ya cheti kimoja. Nne ni vituo vya polisi na kambi za askari zilizo mbali, ambako simu ya nyumbani hutuliza moyo wa mlinzi, na moyo uliotulia hulinda vizuri zaidi.

Katika kila mojawapo ya mahali hapo yapasa umeme wa jua utangulie. Mtambo wa intaneti usio na umeme ni pambo la ukutani. Yapasa pia awepo mtu wa karibu aliyefunzwa kuutunza, maana wako mafundi ambao huja mara moja siku ya uzinduzi na hawaonekani tena. Na yapasa bei imfikirie mkulima. Huduma ifikayo mlangoni lakini isiyonunulika haijafika. Tangu mwaka 2024 Burundi imepata pia intaneti ya Starlink, iletwayo na setilaiti zirukazo karibu zaidi na dunia kuliko zile za zamani. Yaweza kusaidia pale ambapo mkongo hautafika upesi, kwa shule au kituo cha afya; lakini bei ya vifaa vyake haijawa ya mtu wa jembe. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na hata ya karibu haiui kama mkono haujui kuishika.

Wajibu wa nyumba

Serikali ikitimiza wajibu wake, nyumba nayo ina wake. Yule mama hakungoja mnara. Yeye na mumewe walikaa wakati wa likizo wakapanga upya mambo yao, na mpango wao wafaa kuigwa na nyumba nyingine.

Waliacha fedha kidogo mkononi mwa jirani mwaminifu wa kilimani, za dharura tu, pamoja na daftari la kuandika kila zinapotumika. Waliandika katika karatasi namba za watu watatu walio karibu na mahali simu inaposhika, wakampa bibi karatasi hiyo na nakala wakaipeleka kituo cha afya. Walimwonyesha bibi jinsi ya kuizima simu yake mchana na kuiwasha saa moja jioni, ili moto wa betri usiishe kabla ya usiku. Na walikubaliana kwamba katika jambo la uhai wa mtoto, aliye karibu aamue bila kungoja ruhusa ya aliye mbali. Makubaliano hayo ya mwisho ndiyo yaliyokuwa magumu kuliko yote, kwa sababu baba hapendi kuachwa nyuma katika mambo ya mwanawe, lakini aliyakubali.

Kwa walio na intaneti tayari, yako mengine ya kukumbukwa. Namba ya siri ya fedha za simu haiambiwi mtu, hata ajitaje kuwa ofisa wa kampuni. Ujumbe usemao kwamba umeshinda zawadi ambayo hukuishindania ni mtego. Na mke au mtoto wa askari asiandike mtandaoni mahali alipo baba, siku atakayosafiri, wala idadi ya walio pamoja naye. Picha moja ya kujisifu yaweza kumpa adui habari ambayo angeitafuta kwa mwezi mzima. Mawasiliano ni kama moto wa jikoni: huivisha chakula cha nyumba nzima, na huchoma nyumba ya mzembe.

Waya umekwisha kupita barabarani, na wengi walitoka jasho ili upite. Sasa yabaki kuupandisha kilimani, tawi kwa tawi, kituo cha afya baada ya kituo cha afya, shule baada ya shule. Wenye dhamana na waulizwe kila mwaka ni vilima vingapi vilivyopata wa kuviitikia usiku, na wananchi na wavitunze vitakavyoletwa kama watunzavyo chemchemi ya maji. Askari asiyekuwapo nyumbani hatadai kuwapo, maana wajibu wamwita kwingine. Adai tu kwamba na lake lisikose kuwapo.